Valvu Iliyokula Gesi Yake

Benchi lenyewe lilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya makopo mawili ya rangi yaliyojazwa zege, ukaegemezwa ukuta wa karakana ya taa za matangazo. Tundu la kitasa lilibaki palepale, na mgeni ndiye aliyekalishwa juu yake, maana wenyeji walishajua adha yake. Wenyeji walikuwa wanne. Taa, mwenye karakana, aliyekuwa akipinda vioo kwa moto na kuvijaza gesi mpaka viandike majina ya maduka kwa mwanga. Hakimu, fundi viatu, ambaye hajawahi kukanyaga mahakamani hata kwa ushahidi, lakini hukumu zake hazikatiwi rufaa. Geti, mlinzi wa ofisi ya ng'ambo ya barabara, aliyekuwa akitoka zamu moja kwa moja hadi kwenye kikombe. Na Shangazi mwenye birika la kahawa, ambaye hakuwa shangazi wa yeyote pale, ila ndiye pekee mwenye haki ya kuwaambia wote wanyamaze. Birika likiisha, kijiwe kimefungwa. Hiyo ndiyo ilikuwa katiba, na haikuwahi kuvunjwa.

Alasiri hiyo Taa alitoka karakanani ameshika valvu ndogo ya kioo, kubwa kama kidole gumba, kama zile za redio za zamani. Mkono wa pili alikuwa na tupa nyembamba ya kukatia kioo. Akakaa, akaiweka valvu juu ya goti, akanyoosha kikombe bila kusalimia mtu. Shangazi akamimina, akamtazama usoni, akaongeza nusu ya pili bila kuombwa.

— Kuna msiba? akauliza Hakimu.

— Kazi ya binti yangu. Imekufa.

— Mtoto mzima lakini?

— Mzima. Ni hii.

Ikabidi aeleze. Binti yake wa pekee, anayesoma fizikia chuoni, kesho asubuhi alitakiwa kusimama mbele ya walimu wake na kueleza alichokiona ndani ya valvu ile. Alikuwa ameitafuta kwa taabu, akaipata kwa muuza vipuri vya redio, na muuzaji alimwapia kwamba ni ya mwisho. Ndani yake imo gesi iitwayo zenoni, ndugu wa argoni ile ambayo Taa huijaza kwenye taa za bluu. Ni ukoo wa gesi zisizojichanganya na mtu: hazishiki kutu, hazishiki moto, haziungani na chochote. Upande mmoja wa valvu kuna waya wa moto unaotoa umeme kwa chembechembe, zinaitwa elektroni. Upande wa pili kuna bati la kuzipokea. Kazi ya binti ilikuwa kuzituma kwa mwendo tofautitofauti na kuangalia ngapi zinafika.

— Za mbio zikawa zinapotea njiani, akasema Taa. — Sawa, zinagonga gesi, zinatupwa pembeni. Lakini akizipunguza mwendo, ukifika mwendo fulani hivi, zinapita. Karibu zote. Kama vile hakuna kitu njiani.

— Na kwa nini zipite? akauliza Hakimu.

— Kwa sababu hakuna kitu njiani. Valvu imekula gesi yake.

Huo ni msemo wa mafundi wa taa. Bomba likizeeka, chuma kilicho ndani hunywa gesi kidogo kidogo, taa inafifia, mwisho inabaki kioo na utupu. Taa alikuwa ameutamka msemo huo maisha yake yote, mbele ya wenye maduka na wenye baa, na hakuna aliyewahi kumpinga. Jana jioni aliutamka mezani, kijiko kikiwa njiani kwenda mdomoni, bila hata kuigusa valvu.

Binti alikuwa ameingia mbio, hata viatu hakuvua, akaanza kueleza akiwa bado amesimama mlangoni. Akasema amerudia tena na tena, jibu ni lilelile. Taa akamuuliza: ukirudia kupima sufuria tupu, litajaa?  Binti akakaa kwenye kiti cha mlangoni akavua viatu polepole, kimoja kimoja, kama mtu aliyetoka kuzika. Asubuhi akaiacha valvu mezani, akasema, Baba, naomba uikate unijazie gesi mpya. Na kama haitawahi, kesho nitawaambia walimu kwamba kifaa kilikuwa kibovu. Tangu hapo viatu vile vilikuwa vimemkaa Taa kifuani, wala hakujua kwa nini, maana aliamini kabisa kwamba alichosema ni kweli. Alikuwa ameshaishika tupa akate ncha ya kioo. Akasita. Akasema ngoja kwanza nipate kikombe kimoja.

— Mimi sioni kesi hapa, akasema Hakimu, soli ya mtu ikiwa imebanwa kati ya magoti yake. — Wahenga walishahukumu zamani. Mwenda pole hajikwai. Hizo za mbio zimejikwaa, hizo za pole zimepita. Valvu haina kosa. Iachieni huru.

— Hata getini ni hivyohivyo, Geti akadakia. — Mtu akija mbio, namsimamisha. Wewe, unakimbilia wapi, kitambulisho kiko wapi? Lakini akija taratibu, shati limepigwa pasi, anatazama saa yake, mimi huyo namfungulia na saluti juu. Nimewahi kumfungulia mwizi wa kompyuta kwa sababu ya mwendo wake.

— Ndiyo maana ulihamishwa geti la nyuma, akasema Shangazi.

— Shangazi, hayo yamepita.

Taa akatikisa kichwa. Akawaambia wasichezee methali, kwa sababu binti yake alijaribu hata za mwendo wa kinyonga, za pole kupita hizo, nazo zikaanza kupotea tena. Alilisema hilo kuwanyamazisha tu. Lilimtoka mdomoni kama lilivyoingia masikioni jana, bila yeye kulitazama.

— Rudia, akasema Shangazi.

— Za mbio zinapotea. Za pole mno zinapotea. Hapo katikati kuna mwendo mmoja tu, huo ndio unaopita.

Shangazi alikuwa anamimina, akaacha.  Hakimu akaitoa soli kwenye magoti na kuiweka chini, jambo ambalo wenzake walikuwa hawajapata kuliona kazi ikiwa haijaisha.

— Basi kuna anayefungua mlango, akasema Geti, sasa kwa sauti ya chini. — Hizo gesi zina zamu. Zinasinzia na kuamka, zinasinzia na kuamka. Ukija kwa mwendo huo mmoja, kila unayemfikia unamkuta anasinzia.

— Zote? Zamu moja? akauliza Taa.

— Au elektroni inampa mlinzi kitu kidogo, Geti akajibu.

— Kitu kidogo inakitoa wapi, na yenyewe ndiyo kitu kidogo kuliko vyote? akauliza Shangazi.

Hakimu akafikiri sana, akatoa hukumu mpya. Alisema haipiti kabisa. Ile inayoingia upande huu inafia hapohapo, na upande wa pili inazaliwa nyingine inayofanana nayo, na mpokeaji hajui kwamba aliyefika siye aliyetumwa. Geti akasema hilo linatisha. Hakimu akasema yeye mwenyewe limemtisha, ila ushahidi ndio unaompeleka huko.

— Mimi nadhani inavua mwili, akasema Shangazi. — Ikifika kwenye mwendo ule, inauacha mwili mlangoni kama watu wanavyoacha viatu. Inapita hivihivi. Ikifika kule, inauvaa.

Hakuna aliyecheka. Lakini Taa aliposikia habari ya viatu mlangoni alisimama ghafla, akaichukua tupa.

— Nyie mnaota mchana. Debe tupu haliachi kuvuma, na hili ndilo debe lenyewe. Ngoja nikalikate, mtoto apate kazi yake.

Sasa, kwenye tundu la kitasa alikuwa amekaa msusi mmoja, mwanamke wa makamo, aliyekuja kuchukua taa ya jina la saluni yake akaambiwa asubiri kidogo ipoe. Kikombe chake kilikuwa kimepoa mkononi kwa kusikiliza. Akainua kidole kama mwanafunzi.

— Samahani, Fundi. Naweza kuuliza?

— Uliza, dada, akasema Geti. — Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Hiyo kitu ni tupu?

— Tupu, akasema Taa.

— Na hizo za mbio, zilikuwa zinapotea?

— Zilikuwa zinapotea.

— Sasa kama ni tupu, zilikuwa zinagonga nini?

   Taa akamtazama Hakimu, na Hakimu akainama kutafuta soli yake. Geti akavua kofia akaikagua kwa ndani. Maana hapakuwa na pa kutokea: valvu haiwezi kuwa tupu kwa chembe za mwendo mmoja na kujaa kwa chembe za mwendo mwingine, siku hiyohiyo, saa hiyohiyo. Ama gesi imo, ama haimo. Taa akaitazama tupa mkononi, na ncha ya kioo chini ya kidole chake. Mkwaruzo mmoja tu, na ile ya mwisho ingekuwa ya mwisho kweli.

— Msusi wewe umetoa wapi akili hii? Hakimu akauliza.

— Akili ni nywele, mzee. Mimi nashinda nazo.

Taa alikwisha kuingia ndani, nao wakamfuata wote, na Shangazi akiwa na birika lake mkononi kwa sababu hamwachii mtu. Akafunga mlango, akateremsha gunia lililokuwa pazia la dirisha. Akachukua kile kifaa cha cheche ambacho mafundi wa taa hugusisha kwenye kioo kutafuta hitilafu. Kioo kikiwa tupu kabisa, hakiwaki. Kikiwa na gesi, gesi yenyewe inajitaja kwa rangi yake. Ni jambo la kufumba na kufumbua. Angeweza kulifanya jana kabla chakula hakijapoa.

Akagusisha.

Valvu ikajaa mwanga. Haukuwa mkali. Ulikuwa wa bluu iliyopauka, wenye zambarau kwa mbali pembeni, ukatulia ndani ya kioo bila kutikisika, ukawaangaza vidole na nyuso zilizoinama kuutazama. Taa alikuwa amewasha taa nyingi hata asijue idadi yake, nyekundu za baa na kijani za maduka ya dawa, na hakuna iliyowahi kumfanya ainame namna ile.

— Gesi imo, akasema.

— Imo? Geti akanong'ona.

— Imo yote. Haijapungua.

Akazima. Akawasha tena. Humo ndani, katika kikopo kile cha ukubwa wa kidole gumba, zilikuwamo chembe za gesi nyingi kuliko watu wote waliopata kuzaliwa tangu dunia iwe dunia. Alilijua hilo kwa sababu binti yake aliwahi kumwambia, akaitikia tu kama mtu anavyoitikia habari za mvua. Na katikati ya msongamano ule elektroni za mwendo mmoja zilikuwa zimepita kana kwamba njia ni nyeupe. Binti yake alikuwa ameona hivyo kwa macho yake. Alikuja mbio kumwambia baba yake, baba akamwambia habari za sufuria. Taa aliona aibu, lakini juu ya aibu kulikuwa na kitu kikubwa zaidi, kitu cha kumfanya mtu mzima atake kukaa chini. Alikuwa ameishi na gesi hizi ujana wake wote na uzee wake, akazipakia kwenye vioo na kuzifungia, na kumbe hakuwa akizijua.

Akampigia simu. Hakusema mengi. Alisema, njoo karakanani, usiwaandikie walimu chochote.

Binti alikuja anahema, begi begani. Akawaamkia wazee shikamooni, wakamwitikia marahaba kwa sauti za kanisani, jambo lililomtia hofu. Akaitafuta valvu kwa macho akidhani ataiona imekatwa. Taa hakujua aanzie wapi, kwa hiyo hakuanza. Alifunga mlango akagusisha cheche.

Mwanga ukajaa. Binti akaukodolea macho muda mrefu.

— Imo, akasema taratibu.

— Imo, mwanangu. Mimi ndiye niliyekosea. Ulichokiona ndicho kilichokuwepo.

— Niliona, Baba. Nilikuwa na uhakika. Lakini uliposema wewe, nikaona bora kosa liwe la macho yangu.

Maneno hayo yalimwingia Taa kuliko matusi. Aliweka kifaa chini, akafuta mikono kwenye aproni ingawa haikuwa na kitu. Hakimu, Mungu ambariki, akageuka kutazama ukuta. Taa akauliza la kwanza lililomjia.

— Sasa zinapitaje?

— Jana nilikuja na maelezo yake. Hukuniuliza.

— Nakuuliza leo.

Wakatoka nje, wakakaa. Msusi akarudi kwenye tundu lake bila kulalamika. Binti hakukaa. Alisema kwamba elektroni haiendi kama jiwe lililorushwa. Inaenda kama wimbi, juu, chini, juu, chini, na hilo si la kufananisha, ndivyo ilivyo. Kisha akamwomba Geti asimame, kwa sababu Geti aliwahi kufundishwa gwaride.

— Wewe na wenzako mnatembea, kushoto, kulia. Njiani kuna chembe ya gesi. Wenzako wanapita kando yake, wewe unapita ndani yake. Ukiwa ndani inakuvuta, unaharakisha, hatua zako zinakuwa fupi na nyingi. Ukitokea upande wa pili mguu wako umepishana na wao, safu imevunjika. Huko kuvunjika kwa safu ndiko tunakoita kugonga.

— Sawa, akasema Geti, akipiga hatua palepale.

— Lakini kuna mwendo mmoja ambao, ukiwa ndani, unaongeza hatua kamili kabisa, haizidi wala haipungui. Unatokea upande wa pili na mguu uleule walionao wenzako. Kushoto kwa kushoto. Aliyesimama nje anaona safu imenyooka. Hawezi kujua kwamba ulipita ndani ya kitu. Hakuna alama yoyote iliyobaki.

Geti alikwisha kuacha kutembea. Alikuwa amesimama katikati ya njia, mguu mmoja mbele, anautazama.

— Kwa hiyo haikukwepa, akasema Hakimu.

— Haikukwepa. Ilipita ndani, ikavutwa, ikatoka kama iliyoingia.

— Na hii hewa yetu hapa, ina gesi hizo? akauliza Shangazi.

— Nayo ina argoni kidogo, katika kila pumzi, akasema Taa. Alisema kwa upole, kama mtu anayemtaja ndugu aliyemdharau.

Shangazi akavuta pumzi akaishikilia. Wote wakajikuta wanavuta pamoja naye.  Ndipo msusi akainua kidole tena.

— Samahani, mwanangu. Na yenyewe? Ikishatoka upande wa pili, inajua kwamba ilipita ndani ya kitu?

  Binti akamtazama baba yake, na baba akamtazama Hakimu, na Hakimu, ambaye hukumu zake hazikatiwi rufaa, akamrudishia msusi macho kana kwamba yeye ndiye mwenye kesi.

— Hesabu haisemi hilo, binti akasema mwishowe. — Sijui hata namna ya kuliuliza.

Shangazi akainamisha birika juu ya kikombe cha msusi. Likatoka tone, likatoka jingine, kisha machicha. Akalitikisa mara moja ili kila mtu asikie, kama katiba ilivyotaka.

Taa akasogea kwenye benchi lile la mlango wa zamani, akaacha nafasi kando yake. Alikuwa ameivingirisha valvu katika kitambaa laini, kile anachofutia miwani, akaiweka mikononi mwa binti yake kwa mikono yake yote miwili.

— Hebu nieleze tena, mwanangu. Toka pale mlangoni, ulipoingia. Leo sikukatizi.

Binti akakaa, viatu vikiwa miguuni, akaanza upya. Birika lilikuwa limeisha, na hakuna aliyenyanyuka.